Ni nani amfundishaye dereva kufunga trela?

Kila inapotokea ajali mbaya katika barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Malaba, mambo hufuata mkondo tuliouzoea. Viongozi hutuma rambirambi, polisi hutangaza msako, na kabla ya juma kwisha lawama zote huwa zimekwisha kumwangukia dereva: alikuwa akienda mbio, alisinzia, alilewa. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo, yapo makosa ambayo hutendeka kabla gari halijasogea hata hatua moja, katika zile dakika kumi au kumi na tano ambapo dereva hurudisha nyuma kichwa cha lori na kukiunga na trela lililopakiwa. Juu ya dakika hizo hatusemi neno. Hatuziulizi wakati wa uchunguzi wala, kwa kadiri nionavyo mimi, hatuzifundishi ipasavyo.

Hebu tutazame jinsi mtu anavyokuwa dereva katika nchi hii. Atakaye leseni hujiandikisha katika shule ya udereva. Huko huwekwa mbele ya ule ubao maarufu wenye mfano wa mji, akasukuma kigari cha mchezo kuuzunguka mzunguko na kuzitaja alama za barabarani kwa sauti. Kisha hutiwa ndani ya gari dogo au lori la wastani, akazunguka mitaa, akatahiniwa. Tangu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, yaani NTSA, iundwe mwaka 2012, mengi yamerekebishwa, na leo leseni zimepangwa kwa herufi; avutaye trela anahitaji daraja la CE. Sisemi kwamba hakuna mtaala. Nisemalo ni kwamba madereva wa matrela ambao nimepata kuzungumza nao, wengi wao watu wazima wenye miaka mingi barabarani, hawakufunzwa kazi ya kufunga trela na mwalimu yeyote. Waliirithi. Walikuwa utingo, wakaona, wakaiga, na siku moja mzee wa gari akaugua au akachoka, nao wakapewa ufunguo.

Mmoja wa hao ni mwanafunzi wangu wa zamani, niliyemfundisha Kiswahili katika shule moja ya upili huko Pwani. Alifanya mtihani wake, hakupata alama za kwenda mbele, na karo ya chuo haikuwapo. Akapanda gari kama utingo. Miaka kadhaa baadaye alinijia nyumbani kunisalimu, akiwa sasa dereva kamili, nami nikamwuliza alijifunzaje kufunga trela. Alicheka.

"Mwalimu, darasa letu ni sikio," akaniambia. "Mzee alinifundisha hivi: rudi nyuma taratibu, ukisikia mlio wa chuma, ujue imeingia. Basi. Hayo ndiyo masomo yote."

Masomo hayo yalimtosha kwa muda. Halafu usiku mmoja, katika yadi ya kampuni ambayo sitaitaja, alisikia mlio kama kawaida, akapandisha miguu ya trela, akaondoka. Alipokata kona langoni, trela lilichomoka na kuangusha pua yake chini kwa kishindo kilichowaamsha walinzi. Hakuna aliyeumia, na hiyo ni bahati tu, kwa sababu dakika chache kabla ya hapo utingo wake alikuwa amesimama papo hapo akimpigia mluzi wa kuongoza. Mwenye gari alikata gharama za matengenezo katika mshahara wake kwa miezi kadhaa. "Aliniuliza maswali mengi," akasema, "ila hakuniuliza kama niliwahi kufundishwa."

Swali hilo ambalo hakuulizwa ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nilitaka kujua: mlio ule aliousikia ulikuwa wa nini, ikiwa chuma hakikufunga?

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kulikaribia trela, na ya wanafunzi wa Fizikia ambao wataona mengi ya somo lao humu, yafaa nieleze. Nyuma ya kichwa cha lori, juu ya ekseli zake, hukaa sahani nene ya chuma iliyopakwa grisi. Sahani hiyo ina mwanya kwa nyuma mfano wa kiatu cha farasi, na katikati yake mna taya. Waingereza huiita gurudumu la tano, jina walilolichukua kutoka magari ya kukokotwa na farasi, ambapo duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele liliiwezesha kugeuka. Chini ya pua ya trela, nako, hutokeza msumari mnene wa chuma, ambao madereva wetu huuita kingipini. Kipenyo chake kwa matrela mengi ni inchi 2, yaani kama milimita 51. Kichwa kinaporudi nyuma, msumari hupita katika ule mwanya mpaka kwenye taya, nazo taya huufumbata shingoni. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaruhusu gari lenye ekseli za kutosha kufikia tani 56 pamoja na shehena. Mzigo wote huo wa nyuma huvutwa kwa msumari ambao ungeweza kuushika kwa kiganja kimoja.

Sasa, hatari kubwa iko katika kimo. Sahani inapaswa kuigusa pua ya trela na kuiinua kidogo inapoingia chini yake. Trela likiwa limesimamishwa chini mno, kichwa hugonga uso wa trela. Hilo ni kosa la kelele na kila mtu huliona. Kosa baya ni la trela lililosimama juu mno. Msumari huelea juu ya taya. Wakati mwingine hupita kabisa na trela likaja kukigonga kibanda cha dereva kwa nyuma, na wakati mwingine taya hujifunga zikishika ncha yake tu, au zikajifunga bila kushika kitu. Zinapojifunga hivyo hutoa mlio ule ule. Dereva akiwa ndani ya kibanda, injini ikinguruma, hawezi kuutofautisha mlio wa kweli na wa uongo. Hata akijaribu kuvuta mbele kidogo ili kupima, huenda trela likafuata kwa sababu ya uzito wake na msuguano, akaridhika. Kisha hupanda barabara, na kwenye kona au tuta la kwanza, kile kilichoshikwa nchani huachia.

Ndiyo maana wajuao kazi hii husisitiza kushuka. Kabla ya kuingia chini ya trela, dereva asimame, ashuke, atazame kimo kwa macho yake. Ahakikishe kwamba trela limekaa mahali pagumu na tambarare, breki yake ya kuegesha imefungwa, na kabari zimewekwa magurudumuni. Arudi akiwa amenyooka, si kwa pembe. Baada ya mlio avute mbele polepole kwa gia ndogo huku breki za trela zikiwa bado zimefunga, mara moja na tena. Kisha afunge breki ya kichwa, azime injini, atoe ufunguo na autie mfukoni, ashuke tena, awashe tochi na kuinama. Kati ya sahani na trela kusiwe na mwanya wa kupenya mwanga. Taya zionekane zimeizunguka shingo ya msumari, si ncha. Kishikio kiwe kimerudi ndani kabisa na kile kipini cha usalama kiwe mahali pake. Tochi haizidi bei ya chakula cha mchana cha utingo, lakini sijui ni madereva wangapi wanaopewa na waajiri wao.

Liko jambo la pili, ambalo mwanafunzi wangu alilijua kwa desturi tu, pasipo kujua sababu yake. Ni habari ya breki za hewa. Wengi wetu hudhani kwamba hewa ndiyo ifungayo breki za trela. Kwa breki ya kawaida, unapokanyaga pedali, ni kweli. Lakini ile breki ya kuegesha hufanya kazi kinyume: springi yenye nguvu ndiyo iifungayo, na hewa huisukuma springi hiyo nyuma ili magurudumu yapate kuzunguka. Trela lililoachwa bila hewa, kama lina breki za namna hiyo na ziko sawa, limefungwa. Mabomba mawili ya mpira huliunganisha na kichwa. Katika magari ya aina ya Ulaya, ambayo ndiyo mengi kwetu, bomba jekundu huleta hewa ya akiba na la manjano huleta amri ya pedali. Sasa tuseme dereva amesahau kufunga breki ya kichwa chake, na kitufe cha breki ya kuegesha cha trela hakikuvutwa. Anapanda kati ya kibanda na trela, anachomeka bomba jekundu. Hewa inaingia, springi zinasukumwa, breki za trela zinafunguka, na gari zima linaanza kujiendea likiwa halina mtu usukanini. Anaruka chini, anakimbilia mlango ili alisimamishe. Huko Uingereza wafanyakazi wamepoteza maisha kwa namna hii hasa, wakibanwa na magari yao wenyewe, na ndiyo sababu idara za usalama kazini huko hazichoki kuwakumbusha madereva juu ya breki ya kichwa. Mtu aliyeielewa springi hiyo hawezi kuisahau breki kwa wepesi. Aliyekaririshwa tu "funga breki kwanza" ataisahau siku ya haraka.

Na haraka ndiyo hali ya kazi yenyewe. Siku hizi trela halikai na kichwa kimoja. Kichwa kimoja huleta trela tupu, kikaliacha yadini, kikachukua lililopakiwa na kuondoka, kesho kikachukua jingine lililotengenezwa na kiwanda tofauti na lenye kimo tofauti. Madereva wengi hulipwa kwa safari au hupewa marupurupu ya safari, kwa hiyo kila saa inayopotea Changamwe au Miritini ni pesa inayopotea. Kazi hufanyika usiku, mvua ikinyesha, uwanja ukiwa tope na miguu ya trela ikididimia upande mmoja. Hapo katikati ndipo asimamapo utingo, kijana wa miaka ishirini, mgongo wake ukielekea chuma, akipunga mkono ambao dereva anauona kwa kioo kilichochafuka. Hana kandarasi aghalabu, wala bima. Wenye magari huniambia kwamba utingo akae pale kwa sababu bila yeye dereva haoni. Mimi naona kinyume: dereva aliyefunzwa kushuka na kutazama hamhitaji mtu kati ya vyuma viwili vinavyokaribiana, na palipo na kijana pale ni dalili kwamba dereva hakufunzwa.

Gari likitoka yadini, hupita mizani ya Mariakani, na safarini mizani nyinginezo. Mizani hupima uzito wa kila ekseli kwa makini, na faini ya kuzidisha mzigo ni kali. Jambo jema hilo, kwani barabara zetu zimejengwa kwa mikopo. Lakini mizani haioni taya. Trela lililoshikwa nchani lina uzito ule ule wa lililoshikwa shingoni.

Watajitokeza watakaosema kwamba uzoefu ndio mwalimu mkuu, na kwamba mafundi wetu wa jadi hawakuhitaji vitabu. Aliyejenga jahazi Lamu alijifunza kwa kumtazama baba yake. Naiheshimu hoja hiyo kuliko wanavyodhani wanaoitoa. Lakini mwanafunzi wa jahazi alikaa na fundi mchana kweupe, akaiona kazi yote tangu mkuku hadi mlingoti, na alipokosea ubao uliondolewa ukapigwa mwingine. Utingo huiona kazi vipande vipande, gizani, kutoka nje ya kibanda. Tena uzoefu hurithisha kila kitu pamoja, ufundi na ila zake. Mzee aliyefunga trela kwa sikio miaka thelathini bila kuangusha atamwachia kijana wake sikio hilo hilo, asimwachie bahati yake.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelitazamaje jambo hili? Nchini Marekani, kila jimbo huchapisha kitabu cha mwongozo kwa atakaye leseni ya magari makubwa, na ndani yake mna sehemu nzima, ya sita, kuhusu magari yaliyoungwa. Hatua za kufunga na kufungua trela zimeandikwa humo moja baada ya nyingine kwa lugha nyepesi, na yeyote aweza kukisoma bure. Huko California kitabu hicho kimechapwa kwa Kihispania pia, kwa kuwa madereva wengi huko ni wasemaji wa lugha hiyo. Tena tangu Februari 2022 mwanafunzi haruhusiwi kufanya mtihani wa vitendo kabla ya kupita mafunzo yanayotambulika, ambayo kufunga na kufungua trela ni sehemu yake. Uingereza nao huwatahini madereva wa matrela kwa kuwataka wafungue na wafunge trela mbele ya mtahini. Sitaki tuige kila kitu. Nauliza tu kwa nini Mhispania wa California ameandikiwa kazi hii kwa lugha yake, na Mdigo au Mkamba aendeshaye kutoka Mombasa hajaandikiwa kwa Kiswahili.

Hapo ndipo walimu wenzangu tunapoingia. Njia hii ya mizigo, tangu bandarini hadi Malaba na kuendelea Uganda, Rwanda na Kongo ya mashariki, ni njia ya Kiswahili. Dereva na utingo huagizana kwa Kiswahili, mlinzi wa yadi huwafungulia lango kwa Kiswahili, na wafikapo Goma watanunua chakula kwa Kiswahili. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Lakini kitabu cha maelezo kilichomo ndani ya kibanda, kama kimo, ni cha Kiingereza au cha Kijerumani, nacho kimefungiwa katika mfuko wa plastiki kama kilivyotoka kiwandani.

Tutaambiwa kwamba Kiswahili hakina maneno. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na aliyeifungua ajua kwamba lugha iliyopata neno la kila kiungo cha mmea haiwezi kushindwa na sahani ya chuma. Upungufu si wa lugha. Sisi wenye kalamu hatujawahi kuinama chini ya trela, na wale wanaoinama hatujawaomba watuambie wanakiitaje kila kipande.

Katika shule za upili tunafundisha uandishi wa kiuamilifu, na miongoni mwa tungo zake ni maagizo na maelekezo. Nimesahihisha mamia ya tungo hizo. Karibu zote zinaeleza jinsi ya kupika pilau, au jinsi ya kufika nyumbani kwa mwandishi kutoka kituo cha basi. Wala si kosa la wanafunzi. Ndiyo mifano tuliyowapa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unatuambia kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kutoka kwa jamii inayomzunguka. Basi shule iliyoko Mariakani, Mlolongo au Salgaa iwatume wanafunzi wake kwa dereva mmoja, pamoja na mwalimu, mchana, gari likiwa limezimwa, waulize kila kitu, kisha waandike maelekezo ya kufunga trela ambayo utingo aliyeacha shule darasa la nane ataweza kuyafuata. Mwalimu wa Fizikia aongeze sababu ya springi. Tungo iliyo bora ipelekwe kwa dereva yule aikosoe. Nadhani wanafunzi watagundua jinsi ilivyo vigumu kupanga hatua kumi na mbili pasipo kuruka moja, na kwamba katika kazi hii hatua iliyorukwa ina gharama kuliko chumvi iliyosahauliwa katika pilau.

Kwa upande wa serikali, vyuo vya kiufundi vimeongezeka sana tangu sheria yake ya mwaka 2013, navyo vinafundisha ufundi wa magari. Mtu wa kufundishwa hapo si mekanika peke yake. Utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa umekwisha kukubaliwa nchini. Dereva mzee apimwe kwa huo, apewe cheti, na yale aliyoyajua kimakosa yarekebishwe pasipo kumdhalilisha. Na mtahini wa leseni ya CE amtake mtahiniwa afungue trela, alifunge tena, ashuke na kumwonyesha kwa tochi taya zilipo. Jaribio hilo huchukua muda mfupi kuliko foleni ya mizani.

Yule mwanafunzi wangu bado anaendesha. Alipokuja mara ya mwisho aliniomba nimwandikie hatua zote kwa mwandiko mkubwa, ili ambandikie utingo wake ndani ya mlango wa kibanda. Tulikaa jioni nzima, yeye akieleza nami nikiandika, akinisahihisha kila nilipotanguliza neno la vitabuni mbele ya neno la yadini. Tulijaza kurasa mbili. "Kabari" alilikubali mara moja, "taya" pia, na "kingipini" akakataa lisiguswe. Kwa ile sahani tuliandika "sahani", ingawa alisema wenzake wanaiita kwa jina la Kiingereza wanalolitamka kwa namna tano tofauti. Kwa kile kipini kidogo cha usalama kinachozuia kishikio kisifunguke njiani hatukuafikiana, na mahali pake katika karatasi tumechora picha. Mwalimu au mwanafunzi aliye karibu na yadi, anayejua wenye kazi wanakiitaje, na aniandikie kupitia kwa mhariri.